Kadi ya ripoti ya mto: jinsi ya kuiandaa ili wananchi waielewe na waitumie

Mito na maziwa mengi hupimwa. Idara za maji, maabara, vyuo na vikundi vya kujitolea huchota sampuli mwezi baada ya mwezi, lakini majibu huishia kwenye majalada. Mtu anayevua samaki pale, anayefua, anayemwagilia bustani au anayewaruhusu watoto waogelee hajui kilichopatikana. Hata akipewa ripoti yenyewe, atakuta majedwali ya miligramu kwa lita ambayo hayamwambii kama aingie majini au asiingie.

Kadi ya ripoti huziba pengo hilo. Inachukua vipimo vya mwaka mzima, inavilinganisha na viwango vilivyokubaliwa, kisha inatoa alama kama za shuleni, A mpaka F, kwa kila sehemu ya mto au ziwa. Mto Charles unaopita Boston, Marekani, umekuwa ukipewa alama na shirika la serikali la mazingira la nchi hiyo, EPA, tangu 1995. Alama ya kwanza ilikuwa D. Maelezo ya alama zile yalimlenga mtu aliyesimama ukingoni: A ni maji yanayofaa karibu wakati wote kwa mashua na kwa kuogelea, D ni maji yanayofaa kwa mashua baadhi ya siku, kuogelea hapana, F hayafai kwa lolote kati ya hayo. Mtu yeyote anaelewa hapo. Kazi ikafanyika ya kusaka mabomba ya majitaka yaliyounganishwa kinyemela na kupunguza umwagikaji wa majitaka wakati wa mvua kubwa, na miaka iliyofuata alama zikapanda hadi daraja la B.

Lakini kadi inaweza pia kudanganya, tena bila mwandaaji kukusudia. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo yanayofanyika kabla ya kuandika herufi yoyote.

Hatua ya 1: Waulize watu kabla ya kupima

Itisha mkutano, au bora zaidi mikutano midogo kadhaa, maana wanaochota maji hawatasema kila kitu mbele ya wenye viwanda, na vijana hunyamaza wazee wakiwapo. Chora mto kwenye karatasi kubwa au hata chini kwenye udongo. Waombe waonyeshe wanapochota, wanapovua, wanaponyweshea mifugo, wanapoogelea na wanapofanyia ibada au matambiko kama yapo. Waulize ni lini maji hubadilika rangi na harufu. Waulize wazee ni samaki gani walikuwapo na sasa hawapo.

Utatoka hapo na orodha ya mambo ambayo watu wanayathamini, na kila jambo litakuonyesha cha kupima. Wakisema wanataka kuogelea, pima bakteria wa kinyesi. Wakisema samaki wamepungua, pima oksijeni na uangalie makazi ya samaki. Wakisema ziwa limekuwa la kijani, pima fosforasi, nitrojeni na mwani.

Si lazima kadi iishie kwenye ubora wa maji pekee. Kadi ya bonde lote la mto Mississippi iliyotolewa 2015 iligusa malengo sita: mifumo ya ikolojia, udhibiti wa mafuriko, usafirishaji, upatikanaji wa maji, uchumi na burudani. Bonde zima likapata D+. Mkulima, nahodha wa majahazi ya mizigo na mhifadhi wa ndege walikuta jambo lao humo.

Hatua ya 2: Sema mapema kadi haihusu nini

Hatua hii ni fupi lakini usiiruke. Mto wenye alama A si lazima uwe na maji ya kunywa. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linataka pasionekane bakteria wa E. koli hata mmoja katika mililita 100. Kwa kuogelea, kigezo kinachotumika Marekani ni wastani wa 126 katika mililita hizohizo 100. Maji yaleyale yanaweza kufaulu vizuri kwa kuogelea na yakawa hatari kwa kikombe. Kadhalika, kama hukuchunguza konokono wanaoeneza kichocho, kadi yako haisemi lolote kuhusu ugonjwa huo. Andika hayo ukurasa wa mbele kwa maandishi makubwa: "Alama hii si kibali cha kunywa maji haya bila kuyatibu."

Hatua ya 3: Gawa mto vipande

Alama moja kwa mto wote haimgusi mtu. Anayekaa juu karibu na chanzo ataona hahusiki na uchafu wa chini, na anayekaa chini atamlaumu wa juu bila ushahidi. Gawa mto kwa mantiki inayoonekana kwa macho: kuanzia chanzo hadi kabla ya mji, ndani ya mji, baada ya mji, kijito kikubwa kinapoingia, mdomo wa mto. Kila kipande kiitwe kwa jina ambalo watu wa pale wanalitumia, hata kama kwenye ramani za serikali kinaitwa vingine.

Vipande vingapi? Inategemea vituo vya kupimia ulivyonavyo. Kipande chenye kituo kimoja kilichopimwa mara mbili kwa mwaka hakistahili alama. Ni afadhali vipande vinne vyenye data ya kutosha kuliko kumi na viwili vya kubahatisha.

Hatua ya 4: Chagua viashiria vichache vinavyoelezeka

Kuna kishawishi cha kupima kila kinachopimika. Viashiria vinne hadi vinane vinatosha. Lengo namba 6 la Maendeleo Endelevu la Umoja wa Mataifa, katika kipengele chake cha ubora wa maji asilia, linatumia makundi matano ya msingi: oksijeni, chumvi, nitrojeni, fosforasi na hali ya asidi. Huo ni mwanzo mzuri kwa sababu idara nyingi tayari zinavipima. Ongeza bakteria wa kinyesi kama watu wanaingia majini, na uangavu wa maji, kwa sababu huo kila mtu anauona.

Uangavu hupimwa kwa kisahani cha Secchi, kifaa kilichopewa jina la padri na mtaalamu wa elimu ya nyota wa Italia, Angelo Secchi, aliyekifanyia majaribio baharini mwaka 1865. Kwa maziwa hutumika kisahani cha sentimita 20 chenye robo nyeupe na robo nyeusi. Unakishusha kwa kamba yenye alama za vipimo, upande wenye kivuli wa mashua, mpaka kisionekane, unaandika kina, unakipandisha taratibu mpaka kionekane tena, unaandika, wastani wa hivyo viwili ndio jibu. Mwanafunzi wa shule ya msingi anaweza kufanya hivyo, na akishafanya hatahitaji kuelezwa maana ya tope.

Kiashiria ninachokipendekeza kuliko vyote kwa mito midogo yenye mawe ni wadudu wadogo wa majini. Shika wavu, simama upande wa juu wake, maji yanakotokea, chokonoa mawe kwa mguu, kisha mwaga ulichopata kwenye sinia jeupe lenye maji kidogo. Subiri vitulie. Ukiona vibuu bapa vyenye mikia miwili au mitatu vinavyong'ang'ania chini ya mawe, maji hayo yana oksijeni na hayajachafuliwa sana, kwa sababu viumbe hao ndio wa kwanza kufa. Ukiona minyoo myembamba na vibuu vyekundu vinavyojikunja kwenye tope na hakuna kingine, hali ni mbaya. Afrika Kusini kuna mbinu ya miniSASS iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa kawaida: kila kundi la wadudu lina alama ya ustahimilivu wake, unajumlisha alama za makundi uliyoyaona, unagawa kwa idadi ya makundi hayo, na wastani unakupa alama ya hali ya mto. Faida yake kubwa ni kwamba wadudu hukaa mtoni muda wote. Kiwanda kikimwaga uchafu usiku na kufunga koki kabla hujafika na chupa yako asubuhi, chupa haitaona kitu. Sinia litaona.

Hatua ya 5: Panga viwango vya kufaulu kabla ya kuona matokeo

Ukisubiri matokeo ndipo upange kiwango, utasukumwa kukishusha ili alama zipendeze. Kaa na wataalamu na wawakilishi wa jamii, kubalianeni kwa maandishi, wekeni tarehe.

Viwango vya kisheria vya nchi yako ndivyo vya kuanzia. Pale visipokuwepo, watu hukopa vya nchi nyingine, na hapo kuna mtego. Maji ya baridi hubeba oksijeni nyingi kuliko ya joto: kwa nyuzi 10 za selisiasi maji yaliyojaa oksijeni hubeba takriban miligramu 11 kwa lita, kwa nyuzi 30 ni kama 7.5 tu. Ukichukua kiwango kilichowekwa kwa samaki wa mito ya baridi ukakibandika kwenye ziwa la joto, utawafelisha watu kwa kosa la jua. Kiwango cha miligramu 5 kwa lita hutumika sana kwa samaki wengi wa maji ya wazi; chini ya 2 viumbe wengi hukimbia au hufa.

Hatua ya 6: Pima kwa utaratibu uleule

Oksijeni ya mto hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Mchana mimea na mwani huizalisha, usiku kila kiumbe kinaitumia, kwa hiyo hufika chini kabisa muda mfupi kabla ya jua kuchomoza na huwa juu alasiri. Timu moja ikipima alfajiri kipande cha juu, nyingine ikapima alasiri kipande cha chini, mtalinganisha saa badala ya kulinganisha mito. Pangeni saa moja kwa vituo vyote, na angalau mara chache kwa mwaka pimeni alfajiri.

Bakteria nao huruka juu baada ya mvua kwa sababu maji hufagia vinyesi na kutapisha vyoo. Msichague siku za jua tu. Pangeni tarehe mwanzoni mwa mwaka na mzifuate, mvua inyeshe isinyeshe, na muandike hali ya hewa ya siku hiyo na ya siku mbili kabla yake. Sampuli ya bakteria ikae kwenye barafu na gizani, ifike maabara ndani ya muda usiozidi saa 6.

Hatua ya 7: Hesabu, kisha itilie shaka hesabu yako

Njia rahisi na ya haki ni kuhesabu ni mara ngapi kila kiashiria kilifaulu. Kama oksijeni ilipimwa mara 12 na ikafaulu mara 11, alama yake ni 92 kwa 100. Alama za viashiria vyote zinatafutiwa wastani, na wastani unageuzwa herufi.

Kadi nyingi, ikiwemo ile ya ghuba ya Chesapeake, Marekani, inayoandaliwa na Chuo Kikuu cha Maryland, hugawa mia kwa ishirini ishirini: 80 na zaidi ni A, 60 hadi 80 ni B, 40 hadi 60 ni C, 20 hadi 40 ni D, chini ya hapo F. Huo si mgawanyo wa shule nyingi. Mtu akisikia C hafikirii kwamba karibu nusu ya vipimo vilifeli. Kwa hiyo chapisha namba pembeni ya herufi kila mara, na jedwali la mgawanyo likae kwenye kadi yenyewe.

Sasa tazama hatari ya wastani. Chukua kipande cha kubuni kilichopimwa kila mwezi kwa mwaka. Oksijeni imefaulu mara 11, alama 92. Fosforasi mara 10, alama 83. Uangavu mara 9, alama 75. Bakteria wa kinyesi mara 2 tu, alama 17. Jumla 267, gawa kwa nne, unapata takriban 67. Hiyo ni B. Umewaambia wazazi kwamba mto wao ni mzuri, wakati miezi kumi kati ya kumi na miwili haukufaa mtoto kuogelea.

Hakuna hesabu ya kijanja ya kuliondoa tatizo hili lote, ila kuna kanuni ninayoiona haina mjadala: kiashiria kinachohusu uhai wa mtu kisiyeyushwe kwenye wastani. Kipe alama yake pekee, kikae juu ya kadi. "Afya ya mto: B. Kuogelea: F." Wataalamu wengine watasema herufi mbili zinachanganya watu. Kinachowachanganya ni mtoto kuugua kwenye mto walioambiwa ni mzuri. Kadi ya kusini mashariki mwa Queensland, Australia, hutoa herufi kwa hali ya mazingira na nyota kwa manufaa ambayo jamii inayapata kutoka kwenye maji, na watu wanaisoma.

Pale ambapo data haitoshi, paka kijivu na uandike "Data haitoshi". Usikopeshe kipande alama ya jirani yake.

Hatua ya 8: Andika kadi yenyewe

Kurasa mbili, mbele na nyuma, zinatosha. Mbele weka ramani yenye vipande na herufi zake. Chini ya kila herufi yawepo mambo manne kwa sentensi fupi: alama ni ipi, imesababishwa na nini, imepanda au imeshuka, na nani anafanya nini kuhusu hilo. La nne ndilo linaloachwa mara nyingi, na bila hilo kadi inawavunja moyo watu. Mfano:

"Kipande cha Darajani: D (34). Majitaka ya makazi ya ukingoni yanaingia moja kwa moja mtoni, na hali ni mbaya zaidi baada ya mvua. Imeshuka kutoka C mwaka jana. Halmashauri imeahidi kuunganisha nyumba za ukingoni na bomba kuu. Wananchi wafuatilie kwenye kikao cha kila robo mwaka."

Usiandike "shinikizo la virutubisho" kama unaweza kuandika "mbolea inayosombwa kutoka mashambani". Usiandike jina la mhusika kama huna ushahidi wa kumhusisha.

Rangi zisibebe maana peke yake. Wapo wengi, hasa wanaume, wasiotofautisha nyekundu na kijani, na kadi itatolewa nakala nyeusi na nyeupe mara tu itakapotoka mikononi mwako. Herufi iandikwe juu ya rangi. Kichwa cha kadi kitaje mwaka wa data, maana kadi inayotoka mwezi wa sita kwa kawaida inaeleza mwaka uliopita, na mtu anaweza kuisoma akadhani inazungumzia wiki hii.

Kabla ya kuchapisha, wape watu kumi ambao hawakushiriki. Usiwaeleze kitu. Waulize: mto huu uko salama kwa nini na si salama kwa nini? Wakijibu tofauti na ulivyokusudia, rekebisha kadi.

Hatua ya 9: Ifikishe

Wiki kadhaa kabla ya uzinduzi, waonyeshe matokeo wale watakaoulizwa maswali: halmashauri, kiwanda, mamlaka ya majitaka, chama cha wakulima. Waeleze wazi kwamba alama haibadiliki kwa kuombwa. Inabadilika tu wakionyesha kosa la data. Lengo ni waje mkutanoni na majibu badala ya kuja na hasira. Kwa sababu hiyohiyo, anayetoa alama asiwe ndiye anayepewa alama. Chuo, kikundi huru au kamati mchanganyiko inaaminika zaidi kuliko idara inayojisahihisha yenyewe.

Siku ya uzinduzi fanyeni mkutano ukingoni mwa mto, si hotelini. Leteni sinia la wadudu kutoka kipande chenye alama nzuri na jingine kutoka kipande kibaya, yakae mezani pamoja, watu wasogee waangalie. Leteni kisahani cha Secchi, watoto wakishushe wenyewe. Mpeni nafasi ya kuzungumza yule aliyechukua sampuli mwaka mzima, maana anaweza kujibu "mlipima wapi hasa?" bila kufungua kompyuta.

Redioni, usisome kadi nzima. Chagua kipande kimoja kwa kila kipindi na umwalike mtu wa pale. Kwenye vikundi vya simu, tuma picha ya kipande kimoja na sentensi zake nne. Faili lenye kurasa ishirini halifunguliwi na mtu.

Hatua ya 10: Mwaka wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza

Kadi moja ni tukio. Mwelekeo unaonekana baada ya kadi kadhaa, na njiani mvua nyingi au ukame utazisukuma alama juu na chini. Ghuba ya Chesapeake ilipata 55, yaani C+, kwa mwaka 2023, alama ya juu kuliko zote tangu 2002. Mwaka uliofuata ikashuka hadi 50. Waandalie watu jambo hilo tangu mwanzo: mkiweka grafu ya miaka yote kwenye kadi, mwaka mmoja mbaya hautaonekana kama kazi yote imepotea, na mwaka mmoja mzuri hautatumiwa na mwanasiasa kutangaza ushindi.

Msibadilishe vituo, viashiria wala viwango bila sababu. Mkilazimika, rudieni kuhesabu alama za miaka ya nyuma kwa njia mpya na mzichapishe upya, zote kwa pamoja, mkieleza kilichobadilika. Data ghafi iwekwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuiomba na kuipata, zikiwemo karatasi za mtoni zenye maandishi ya kalamu. Na nyuma ya kila kadi, chini kabisa, andikeni tarehe ya kadi inayofuata na ofisi ambayo mwananchi atakwenda kuuliza kama tarehe hiyo itapita bila kadi kutoka.